Pete Haioteshi Chanda

Mahafali ya kidato cha nne katika sekondari za kata hufanana kama mapacha. Turubai la bluu na jeupe, spika zinazokoroma, viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, na meza iliyotandikwa satini yenye vitu vilivyofungwa kwa karatasi za kumetameta. Mgeni rasmi aliyetangazwa kufika saa nne huingia saa saba na nusu, watoto wamekwisha kuiva kwa jua. Risala inasomwa, ngonjera inatolewa, bati zinaahidiwa. Kisha mshereheshaji hupangusa jasho, hushika kipaza sauti na kuitoa ile methali ambayo nadhani nimeisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu: chanda chema huvikwa pete.

Nimefundisha fizikia miaka mingi upande huu wa Ngara unaotazamana na Biharamulo, na hapa Nyakisasa nimewahi kukaa nyuma ya hiyo meza ya satini kwa vyeo vyote: mwalimu wa taaluma, mjumbe wa kamati ya zawadi, na mara mbili jaji wa mashindano ya ubunifu ya wanafunzi. Kaunta buku nimezifunga kwa mikono yangu, selotepu nimeikata kwa meno. Kwa hiyo asije mtu akasema nina kinyongo cha aliyenyimwa zawadi. Mimi nilikuwa mgawaji.

Siku hizi imeenea imani, utaisikia kwa wabunge, kwa wafadhili na kwa wazazi kwenye vikao vya shule, kwamba watoto wetu hawabuni kwa sababu hawatuzwi. Wape kombe, wape cheti chenye fremu, wape ile hundi kubwa ya kupigia picha, halafu uone vipaji vinavyochipuka kama uyoga baada ya mvua. Ukiuliza kwa nini vijiji vya huku havijatoa wanasayansi, jibu liko mdomoni tayari: hakuna motisha. Nami nasema imani hiyo imesimama kichwa chini miguu juu. Tuzo hufika mwisho wa safari, na watoto wa huku hawafiki mwisho. Wanakwama hatua ya kwanza au ya pili, mahali pasipo na jaji wala mpiga picha.

Hata methali yenyewe tunaisoma ovyo. Wahenga walianza na chanda, tena chema, ndipo wakaleta pete. Hakuna mhenga aliyesema weka pete chini usubiri kidole kiote ndani yake.

Nitoe kisa. Mwaka jana nilialikwa kuhukumu mashindano ya bunifu za wanafunzi. Sitaji yalikuwa ya nani, maana waandaaji walikuwa na nia njema na pilau yao ilikuwa nzuri. Tangu tangazo litoke hadi siku ya maonesho zilipita wiki sita. Fomu ya kutolea alama ilikuwa na vipengele vitano, na cha mwisho, kilichobeba alama nyingi kuliko vingine, kiliandikwa hivi: kifaa kinafanya kazi.

Mshindi alikuwa mvulana wa kidato cha tatu aliyeleta sanduku la mbao lenye mota upande huu na dainamo upande ule, vimeunganishwa kwa mkanda uliokatwa kwenye mpira wa baiskeli. Mota inazungusha dainamo, dainamo inailisha mota umeme, na umeme unaobaki unawasha taa. Umeme wa bure, usiodai jua wala mafuta wala maji, wakati nchi tatu zimehangaika miaka kupata megawati 80 pale maporomoko ya Rusumo! Taa iliwaka. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mgeni rasmi aliinuka mwenyewe kwenda kumpa mkono.

Mwalimu yeyote wa fizikia anajua kwamba mashine ile haiwezekani. Nishati haizaliwi ndani ya sanduku. Kila mzunguko unapoteza kidogo kwa msuguano na kwa joto, na sanduku la namna hiyo huzima kabla hujamaliza kusema amina. Niliwaambia majaji wenzangu. Mmoja akanijibu, "Mwalimu, lakini si inawaka?" Tulikuwa watatu; nikashindwa kwa kura mbili. Sherehe ilipokwisha nilimkuta kijana nyuma ya darasa akifungasha, nikamwomba anifunulie kifuniko cha chini. Humo mlikuwa na betri ya pikipiki, imefunikwa kwa kipande cha gunia. Hakukimbia, wala hakuapa. Alitazama viatu vyake, akasema: "Mwalimu, walisema lazima kiwake."

Simlaumu hata leo. Alijua kuunganisha mota, alijua kuoanisha magurudumu yazunguke bila kuteleza, alijua kutandaza waya bila kuunguza kitu. Kijana ni fundi. Sisi ndio tulioandika kwenye fomu kwamba tunanunua mwanga, naye akatuuzia mwanga.

Aliyeshika mkia siku hiyo ni msichana aliyekuja na daftari tu. Nieleze kidogo habari ya daftari hilo. Mnyauko wa migomba, ambao mabwana shamba huuita unyanjano, ulithibitishwa Kagera mwaka 2006, na tangu hapo umeingia mashamba mengi ambayo wenyewe hawana chakula kingine cha kutegemea. Husambazwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, na husambazwa na panga: ukikata mgomba mgonjwa kisha ukapogolea mzima kwa panga lilelile, umekwisha kuupandikiza ugonjwa. Wataalamu wanasema panga lipitishwe kwenye moto au lisafishwe kwa Jik. Bibi yake yule msichana alikuwa akilisugua kwa majivu, kama wafanyavyo majirani zake, kwa sababu majivu hayanunuliwi dukani. Swali la mjukuu lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulijibu: majivu yanatosha?

Akachukua kipande cha shamba la bibi ambacho ugonjwa ulikwisha kukigusa, migomba iliyobaki mizima akaigawa safu tatu, mashina kumi na mawili kila safu, akaifunga vitambaa vya kanga kuukuu. Vyekundu, panga la moto. Vyeupe, panga la Jik. Vya kijani, panga la majivu. Kila Jumamosi aliandika tarehe, mashina yaliyo salama, majani yaliyoanza kulegea, na kama shina likikatwa linatoa ule ute wa manjano. Mistari ya daftari ilichorwa kwa rula, na pembeni palikuwa na alama ya kidole chenye utomvu wa mgomba, usiofutika.

Wiki sita ni chache mno kwa kazi hiyo, kwani ugonjwa waweza kujificha ndani ya shina muda mrefu kabla jani la kwanza halijanyauka. Alipoulizwa matokeo akajibu, "Bado sijajua." Jaji mmoja akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mwakani uje na kitu cha kuonesha." Kipengele cha mwisho: sifuri. Miaka yangu yote ya ualimu sijasikia mwanafunzi akitamka neno la kisayansi kuliko lile "bado sijajua", na siku hiyo tuliliadhibu mbele ya umati.

Mtetezi wa tuzo atanijibu kwamba hilo ni kosa la fomu, turekebishe fomu. Sikubali, na shahidi wangu hatoki mbali.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na mchezo wa kutengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya na sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaingiza kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombea. Siku moja akaona mwenzake anawahi nafasi kwa maziwa ambayo hayakuchemshwa, naye, asije akakosa, akayaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake yangali ujiuji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Likizo ilipofika, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia kwamba yeye huweka ya moto makusudi, huganda upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haimo katika fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaidaka kejeli hiyo ikawa wimbo wa darasa. Akikosea hesabu tu, hiyo inamshukia.

Kisha Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na swali lake, wenzake wakaangua kicheko. Osborne alimwomba alirudie, akasema atakwenda kulijaribu. Huko Dar es Salaam akamwachia kazi fundi wa maabara, na fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Wakarudia kwelikweli. Mwaka 1969 majina ya Mpemba na Osborne yalitoka pamoja katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanafizikia wa dunia nzima huliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Hebu tuhesabu alichopewa kijana huyu. Friji ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kuifungua. Maabara ya Mkwawa, ambako alijipenyeza kujaribu kwa vikombe viwili vya kupimia. Na mtu mzima mmoja, msomi, aliyekubali kwamba swali la kuchekwa linastahili kupimwa. Pete haimo katika hesabu hiyo.

Pete ilikuja baadaye sana, tena kwenye chanda cha mwingine. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza ilitangaza pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri kuliko wote kwa nini athari ya Mpemba hutokea. Majibu kama 22,000 yakamiminika, na zawadi ikaenda kwa Nikola Bregović, mkemia wa Zagreb. Ubishi uliisha? Wapi! Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, na wengine mpaka leo wanalifukua jambo hilo kwenye mifumo mingine kabisa. Swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu limeimeza zawadi na bado lina njaa.

Kuna tuzo nyingine isiyo na kombe ambayo nchi nzima iliiabudu, nayo ni kumi bora. Januari 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule bora na wanafunzi bora, watu walinuna kana kwamba sikukuu imefutwa. Athumani Amasi wa NECTA alieleza kwamba kuwalinganisha waliosoma katika mazingira yasiyofanana hakuna tija. Vijiweni nikasikia kilio: mmeua ushindani, mmeua motisha. Hata Kagera tuliudhika, maana mkoa ulikwisha kuzoea kujivunia Kaizirege na Kemebos za Bukoba.

Mtoto wa Nyakisasa alinufaika nini miaka yote orodha ile iliposomwa redioni? Alijua kwamba kuna shule zenye bweni, hadubini na walimu wa sayansi waliotimia, na kwamba yeye hayumo. Hilo alilijua bila redio. Orodha ilikuwa tangazo la biashara lililolipiwa na umma, na NECTA wamefanya vyema kulikata. Ninachonung'unikia ni kwamba nafasi yake imebaki tupu. Nani atusomee kila Januari shule kumi zisizo na mwalimu wa fizikia hata mmoja? Nani atusomee kumi ambazo maabara zake zimegeuzwa stoo ya mahindi? Kumi hizo zingenifanya niache chai yangu nisikilize.

Nimetaja maabara, na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu upande wangu nao una uongo wake. Mwishoni mwa mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Michango ikapita nyumba hadi nyumba, na kuta zikasimama. Niliwahi kufundisha shule moja ambayo chumba cha maabara kilikuwa na masinki matatu yasiyo na bomba, na pipeti zetu mbili tulizitunza kama masalia ya watakatifu. Mwezi wa mtihani vifaa vililetwa, watoto wakafanya praktiko, kisha vikafungiwa kabatini hadi mtihani mwingine. Mtoto anaishika bureti kwa mara ya kwanza siku anayotahiniwa nayo. Kwa hiyo anayesema "jengeni maabara, basi" naye ananiuzia kitu kilekile, isipokuwa chake kina bati.

Kambi hizo mbili, ya tuzo na ya vifaa, zimewahi kupimwa pamoja. Mwaka 2013 na 2014 watu wa shirika la Twaweza waliendesha jaribio waliloliita KiuFunza katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10 za nchi hii. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi jingine walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au hesabu. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili, na la nne halikupewa kitu. Uchambuzi wake ulichapishwa mwaka 2019, na ukiusoma vizuri unawachapa watu wa kambi zote mbili. Ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Bonasi peke yake ilionesha matokeo ya kuyumbayumba. Palipokuwa na vyote viwili, alama zilipanda waziwazi.

Wapenda tuzo huukumbatia utafiti huo upande wa bonasi na kuuachia upande wa pili. Lakini yaliyomo ndiyo ninayoyasema hapa: ahadi ya mwisho wa mwaka ina nguvu pale ambapo mkono tayari una kitu cha kufanyia kazi. Tena bonasi ile ililipa kila mtoto aliyevuka mstari. Haikumtafuta mmoja wa kumvisha taji na kuwaacha mia tatu wapige makofi.

Waliosoma historia hunitajia Uingereza ya mwaka 1714, Bunge lilipoahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayewawezesha mabaharia kujua longitudo yao wakiwa katikati ya bahari. John Harrison, seremala asiyepita chuo chochote, akaunda saa iliyotatua tatizo. Mfano mtamu. Ila wanaousimulia huruka katikati. Mwaka 1737, saa yake ya kwanza ikiwa bado na kasoro, wasimamizi wa tuzo hiyo walimpa pauni 250 akaendelee na kazi, wakamwahidi 250 nyingine akikamilisha saa ya pili, na wakaendelea kumpa fedha miaka mingi. Alilishwa akiwa katika "bado sijajua". Malipo makubwa ya mwisho aliyapata mwaka 1773, akiwa na umri wa miaka 80, baada ya kuteta na wasimamizi haohao mpaka mfalme akaingilia. Pete ya kungoja namna hiyo, kidole kingekwisha kukakamaa.

Wapo pia wanaonirushia majina ya nyumbani na ya majirani. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, Karatu, ndiye wa kwanza kushinda Africa Prize ya Royal Academy of Engineering, mwaka 2015, pauni 25,000, kwa kichujio chake cha maji. Namvulia kofia. Fedha ile ilimsogeza kutoka maabara hadi kwa watu wanaokunywa maji. Lakini siku anaipokea alikuwa mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, mwenye shahada ya uzamivu aliyoitafuta Korea Kusini. Chanda kilikwisha kukomaa. Au Peter Tabichi, mwalimu wa Keriko, Njoro, nchini Kenya, aliyetunukiwa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, dola milioni moja. Kabla ya hiyo milioni alikuwa akitoa asilimia 80 ya kipato chake kwa ajili ya wengine, na watoto wa Keriko walikwisha kufanya miradi yao ya sayansi. Walisoma kwa mshahara wa Tabichi kwanza. Dubai ilikuja kupiga picha baadaye.

Young Scientists Tanzania, wanaoandaa maonesho ya sayansi ya wanafunzi, nawaweka kando na wengine. Waliianzisha Dk. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry mwaka 2011, kwa kufuata maonesho ya Ireland yaliyoanza mwaka 1965, na washindi wao wakuu wamekuwa wakilipiwa chuo kikuu na Karimjee Jivanjee Foundation. Hiyo ni pete inayolika, siipingi. Zaidi ya hapo, mtoto huanza na swali, huandika ripoti, na mwalimu wake hupewa mwongozo kabla ya safari. Wakinisikiliza nitawaomba jambo moja. Kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa elfu moja, kwa Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma, na mgomba wenye mnyauko haupandi basi, wala hauruhusiwi. Sayansi ya huku ipo shambani. Jaji ndiye apande basi.

Mtu wa kamati ataniuliza, mzee, unataka tufanye nini, tufute mahafali? Msifute, watoto wanapenda kucheza muziki na wazazi wanapenda kuwaona. Ila mimi nimeshika daftari la hesabu za kamati hizo, na nawaambia kwamba spika, turubai na chakula cha wageni vimekuwa vikila kuliko zawadi zote zilizoko juu ya satini. Sehemu ya fedha hiyo ihamie Januari. Shule ziwaambie watoto waandike swali moja, ukurasa mmoja, kuhusu kitu wanachokiona nyumbani na hawakielewi. Mwalimu wa sayansi, bwana shamba na fundi mmoja wa mtaani wakae, wachague yanayopimika, na kila mwenye swali apewe kile tu swali lake linachodai: kipimajoto, mizani ya jikoni, waya, nauli ya kwenda Rulenge, lita moja ya Jik. Oktoba waende wao kwa mtoto, wasome daftari. Aliyepima vizuri akakuta jibu ni hapana ahesabiwe sawa na aliyekuta ndiyo.

Nikisema hivi kikaoni hutokea mtu akaguna kwamba vitu hivyo vitaliwa. Italiwa Jik?

Kigumu zaidi ni kumpata Osborne. Maswali mengine yanazidi uwezo wa mwalimu wa kata, na hapo panahitajika mtafiti wa kuandikiwa barua na akaijibu. Watafiti wa kilimo wa TARI Maruku wako Bukoba, mkoa huuhuu, na migomba ndiyo kazi yao. Sijui kama kuna hundi ya karatasi kubwa kiasi gani inayoweza kulingana na barua moja kutoka Maruku yenye jina la mwanafunzi juu na jibu chini. Nakiri hapa sina mpango kamili. Watafiti wana kazi zao, na si kila mtu hupenda kuulizwa na mtoto. Lakini tunaweza kumwalika mmoja wao kuwa mgeni rasmi, tukampunguzia hotuba, tukamwachia saa nzima ya maswali.

Jumamosi iliyopita nilipita kwa bibi yake yule msichana. Sasa yuko kidato cha nne. Vitambaa vya kanga vimechujuka mpaka chekundu na cheupe vinakaribia kuwa ndugu, ikabidi achore alama za mkaa kwenye mashina. "Shikamoo, Mwalimu." Akanipa daftari kabla hajanipa kiti. Safu ya moto: hakuna mgonjwa. Safu ya Jik: mmoja. Safu ya majivu: minne kati ya kumi na miwili. Nikamwambia, kumbe jibu umelipata. Akatikisa kichwa. Katika hiyo minne, akasema, miwili hawakuwahi kuondoa ua dume, kwa hiyo huenda ni nyuki waliouleta na panga halina hatia. Bibi, aliyekuwa akipepeta maharage, akasema hata yeye ndivyo alivyosema tangu mwanzo, lakini nani anamsikiliza.

Ameanza upya safu ya majivu upande wa juu wa shamba, na safari hii kila ua dume limeondolewa kwa kijiti chenye panda. Panga la nyumbani ni moja tu, na kulisafisha mara tatu kwa zamu kunamla asubuhi nzima. Nilimwachia langu. Tutahesabu tena mwezi wa saba.